Huzuni Isiyokuwa na Jina: Karagwe, Kyerwa na Vitabu vya Picha



Leo tunatoka kisiwani na kwenda mbali kidogo: Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, pembe ile ambako Tanzania inapakana na Rwanda na Uganda. Atakuwepo wa kuuliza, huko sisi tuna nini? Tuna jamaa zetu wa zamani. Misafara iliyoondoka pwani, mkabala na Unguja, ilipita Tabora ikapanda kaskazini hadi Kafuro, kituo cha biashara ndani ya ufalme wa Karagwe. Ahmed bin Ibrahim, mfanyabiashara wa Kiarabu aliyefika mbele ya Kabaka wa Buganda katika miaka ya 1840, alikuja kuweka maskani yake hapo Kafuro. Shanga, nguo, Kiswahili na sala vilipanda kwa njia ileile. Kyerwa yenyewe ni wilaya changa, ilikatwa kutoka Karagwe mwaka 2012, kwa hiyo ninapoitaja Karagwe ya zamani, Kyerwa imo ndani yake.

Lakini sikuja kuzungumza biashara ya pembe. Nataka tuzungumze sonona, na namna ambavyo kitabu cha picha kinaweza kumsaidia mtu kuielewa pale ambapo maneno yameshindwa. Karagwe na majirani zake wamo ndani ya historia hiyo kuliko tunavyodhani.

Tuanze na maana. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa sonona ni kuwa na huzuni, au kutoona raha ya kitu chochote, sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa muda usiopungua wiki mbili. Pamoja nayo usingizi huharibika, chakula hakiliki au huliwa kupita kiasi, mwili huchoka bila ya kazi, fikra hazitulii, mtu hujiona hana thamani, na wengine hufika kutamani kufa. Sasa msomee mama mkwe orodha hiyo uone atakavyokujibu. Atakwambia huyu mtoto mvivu tu. Mwengine atasema kapatwa na mtu, mwengine atasema imani imepungua. Khasa kwa mama aliyejifungua: kila mtu anamwangalia mtoto, anaogeshwa, anakandwa, anapikiwa uji wa pilipili manga, na arubaini ikitimia anatarajiwa awe amesharudi kama zamani. Ikiwa ndani hakuna furaha hata chembe, ataanzia wapi kulisema hilo? Hata kama neno sonona analijua, haliwezi kutoka mdomoni mbele ya wageni waliokuja na zawadi.

Watu wa mbali walipoanza kuandika habari za wanawake wa Karagwe, mambo hayo ya ndani hayakuwashughulisha. John Hanning Speke alifika kwa mfalme Rumanyika mwezi wa Novemba 1861, na kitabu chake cha safari, chenye michoro, kilichapishwa mwaka 1863. Humo anaeleza desturi ya kuwanenepesha wake wa kifalme kwa maziwa mpaka wakashindwa kusimama wenyewe. Hakuishia kutazama. Alichukua kipimo akampima shemeji mmoja wa mfalme: mkono, kifua, paja, muundi, urefu. Namba zote zimo kitabuni. Kando yake alikuwepo binti wa miaka kumi na sita, ananyonya maziwa kutoka kwenye chungu, na baba yake amekaa na fimbo mkononi kumhimiza anywe. Binti yule alijisikiaje? Kitabu hakina habari hiyo, kwani hakuna aliyemuuliza. Mabiharusi wetu wanaofungiwa ndani na kulishwa kabla ya harusi wanaweza kumwelewa kidogo, ingawa sisi alhamdulillah hatuna fimbo.

Miaka tisini baadaye, dharau ile ilivaa koti jeupe. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha J. C. Carothers, daktari aliyekuwa mkuu wa hospitali ya Mathari, Nairobi. Alidai kuwa sonona ni nadra kwa Waafrika, kwa sababu eti Mwafrika hajihesabu wala hajilaumu kama Mzungu. Alifika kuifananisha akili ya Mwafrika na ya Mzungu aliyefanyiwa operesheni ya kukatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Hayo yalichapishwa na shirika la afya la dunia nzima.

Ushahidi wake ulikuwa nini? Wagonjwa wa hospitali yake. Hebu fikiri, nani alikuwa akipelekwa Mathari zama zile? Aliyevunja vitu, aliyepiga kelele sokoni, aliyeokotwa njiani na polisi. Mke aliyekaa kimya jikoni, anapika, anateka maji, analia usiku akiwa amejifunika shuka, hakuna aliyempeleka popote. Hakuhesabiwa, na kwa kuwa hakuhesabiwa ikasemwa hayupo.

Nisimame hapa kidogo, maana jambo hili linanikera. Miaka zaidi ya elfu moja kabla ya Carothers, mwanachuoni wa Kiislamu Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya siha za miili na za nafsi. Alieleza kuwa huzuni ni za namna mbili: moja ina sababu inayojulikana, kama kufiwa au kupoteza mali, na nyengine humjia mtu bila ya sababu anayoweza kuitaja, na hiyo ya pili inaweza kuwa na asili yake mwilini. Alishauri pia mtu ajiwekee fikra njema akiba wakati wa uzima, kama vile watu wanavyoweka dawa nyumbani kabla ya kuugua. Nakala ya mkono ya kitabu hicho imehifadhiwa Istanbul. Basi anayesema kuwa kuumwa moyo bila ya sababu ni mambo ya kuiga Wazungu, hajui vitabu vya kwao. Na sote tunajua Nabii Yaaqub, alayhis salaam, alilia mpaka macho yake yakawa meupe. Imani yake haikuwa pungufu.

Aliyempinga Carothers kwa hesabu alikuwa John Orley, daktari aliyefanya kazi Uganda. Hakukaa hospitali kusubiri wagonjwa. Alikwenda katika vijiji viwili vya Buganda akazungumza na watu kwa Kiganda, majumbani kwao. Matokeo, aliyoyaandika pamoja na J. K. Wing, yalitoka mwaka 1979: wanawake wa vijiji vile walikuwa na sonona zaidi kuliko wanawake wa Camberwell, mtaa wa London waliolinganishwa nao. Tofauti kati ya daktari huyu na yule ni kwamba mmoja alibisha hodi.

Turudi upande wetu wa mpaka. Kagera imepata misiba kama mtu anayepigwa kabla hajainuka. Mwaka 1962, katika skuli ya bweni ya wasichana ya Kashasha, wilaya ya Muleba ya leo, wasichana watatu walianza kucheka bila ya kuweza kujizuia. Ilikuwa tarehe 30 Januari. Kicheko kikaenea mpaka kikawapata wanafunzi 95 kati ya 159, na mwezi wa Machi skuli ikafungwa. Wasichana waliporudishwa makwao, hali ile ikazuka Nshamba na vijiji vingine. Duniani inasimuliwa mpaka leo kama kichekesho, "ugonjwa wa kucheka wa Tanganyika". Lakini madaktari waliochunguza, Rankin na Philip, waliandika mwaka 1963 kuwa wagonjwa walikuwa wakicheka na kulia kwa zamu, hawatulii, wanaogopa, na vipimo vya mwili havikuonesha ugonjwa wowote. Nchi ilikuwa na uhuru wa wiki saba tu, na watoto wale walikuwa mbali na mama zao. Watafiti wa baadaye wameliona tukio hilo kuwa ni dhiki ya moyo iliyotafuta mlango wa kutokea. Kilio hakikuwa na jina, kikatoka kwa sura ya kicheko.

Kisha ikaja vita ya 1978 na 1979. Kisha mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini Tanzania wakagunduliwa Kagera. Huko ugonjwa ulipewa jina la Juliana, jina la nguo ya fasheni iliyokuwa ikivushwa kutoka Uganda kwa magendo na kupendwa sana na vijana. Nguo ya kujipambia ikawa jina la mauti. Mwanamke yeyote anaweza kuhisi uchungu wa utani huo. Wajane walizidi, mayatima walizidi, mabibi wakarudi kulea wakiwa na miaka sabini. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda waliingia Ngara na Karagwe kwa maelfu kwa maelfu. Mwezi wa Septemba 2016 tetemeko la ardhi likabomoa majumba. Watu wa huko wamezoea kusema wamezoea.

Nshamba, ile ile iliyopatwa na kicheko, ndiko lilikozaliwa shirika la Humuliza mwishoni mwa miaka ya 1990. Neno hilo kwa Kihaya ni kuliwaza. Kazi yao ilikuwa kuwafundisha walimu na walezi namna ya kumsikiliza yatima, maana misaada mingi ilileta madaftari, sare na mahindi, na hakuna aliyemuuliza mtoto kuhusu mama yake.

Sasa tuvuke mpaka tuingie Rakai, jirani wa Kagera upande wa Uganda. Hapa ndipo pananifurahisha kuliko pengine pote katika habari hii. Karibu na mwaka 2000, watafiti waliokuja kushughulikia sonona hawakuanza na dodoso lililotafsiriwa kutoka Kiingereza. Waliwauliza wanavijiji: ugonjwa huu wa ukimwi umewaletea matatizo gani? Watu wakataja, na ndani ya waliyoyataja yakatokea maneno mawili ya Kiganda, *yo'kwekyawa* na *okwekubazida*: la kwanza ni kujichukia nafsi, la pili ni kujihurumia na kujisikitikia. Walipoulizwa mtu mwenye hali hizo yukoje, walieleza takriban yote yaliyomo katika orodha ya sonona ya madaktari, na wakaongeza mengine ambayo madaktari hawakuwa nayo. Ugonjwa ulikuwepo na ulikuwa na majina. Wasomi walikuwa wakiutafuta kwa jina jengine.

Kwa maneno hayo ikafanywa tiba ya vikundi mwaka 2002, Rakai na Masaka, katika vijiji 30, wanawake mbali na wanaume mbali. Vikundi vilikutana mara moja kwa wiki, saa moja na nusu, kwa wiki 16, vikiongozwa na watu wa hukohuko waliofunzwa kwa muda mfupi. Hapakuwa na vidonge. Mwisho wake, waliobaki na sonona kamili katika vijiji vilivyopata vikundi walikuwa asilimia 6.5, na katika vijiji ambavyo havikupata walikuwa asilimia 54.7. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003 na yakasomwa dunia nzima.

Na picha zinaingia wapi? Zinaingia pale ambapo hata neno la kienyeji ni zito kulitamka. Kujichukia nafsi si jambo la kusema mbele ya wifi. Lakini mtu anaweza kuoneshwa picha ya mwanamke aliyekaa, akaulizwa, huyu ana nini? Atazungumza habari za yule wa kwenye picha, na ndani yake atakuwa anazungumza zake. Anasema "yeye" mpaka siku atakapoweza kusema "mimi".

Dada zangu, jambo hili tunalijua. Kungwi hafundishi kwa hotuba. Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa mila wa serikali ya kikoloni na ndiye aliyeshiriki kuandika sheria za kimila za Wahaya mwaka 1945, alichapisha mwaka 1956 kitabu kizima juu ya vinyago vya udongo vilivyotumika kuwafunda wasichana na wavulana Tanganyika, khasa kwa Wazigua, Wasambaa na Wapare. Kila kinyago kilikuwa na wimbo wake, na wimbo ulikuwa na fumbo lake. Mwari anaoneshwa kinyago, anaimbiwa, anaachwa afikiri, na somo linabaki kichwani maisha. Mambo mazito ya ndoa, ambayo mama na mtoto wangeona haya kuyasema, yalipita kwa njia ya sanamu. Kitabu cha picha cha sonona kinafanya kazi ileile ya kungwi.

Uingereza walilifikia jambo hili kwa njia yao. Mwaka 1989 Sheila Hollins, daktari wa magonjwa ya akili London, alianza kutoa vitabu visivyokuwa na maandishi hata mstari mmoja, vinavyoitwa Books Beyond Words. Vya mwanzo vilihusu kufiwa na baba na kufiwa na mama, kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa akili ambao hawasomi. Hadithi yote imo kwenye picha. Mwenye kutazama ndiye anayeisimulia. Baadaye vikaongezwa vya huzuni na sonona. Uganda, wanawake wanaoishi na virusi vya ukimwi waliojiunga katika chama cha NACWOLA walieneza katika miaka ya 1990 kitabu cha kumbukumbu: mama mgonjwa anakaa na mwanawe, wanabandika picha, wanachora ukoo, wanaandika ulizaliwa wapi, bibi yako alikuwa nani, ulipokuwa mdogo ukipenda nini. Nia ilikuwa kumwandaa mtoto. Lakini kwa kukaa na kuchora, mama alipata kwa mara ya kwanza kumwambia mtoto kuwa anaumwa. Kitabu kilimfungulia mazungumzo ambayo mdomo ulikuwa umeyafunga.

Mfano mkubwa zaidi ni wa karibuni, nao pia ni wa Uganda. Katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, kaskazini magharibi ya nchi, wanawake 694 wa Sudan Kusini kutoka vijiji 14 walishirikishwa katika utafiti wa mpango wa Shirika la Afya Duniani. Nusu ya vijiji vilipata mafunzo: vikao vitano vya saa mbili mbili, kinamama 20 hadi 30 kwa pamoja, wanasikiliza sauti iliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba, na kila mmoja anaondoka na kitabu cha picha chenye maneno machache. Waliosimamia hawakuwa madaktari. Miezi mitatu baadaye dhiki ya moyo ilikuwa imepungua kwa waliohudhuria kuliko kwa wengine. Si muujiza, upungufu wenyewe ulikuwa wa wastani na ukapungua nguvu kadiri siku zilivyokwenda. Matokeo yalitoka mwaka 2020, na mwaka huohuo kitabu kikatolewa bure kwa dunia nzima.

Yaliyomo ni mepesi kuyaeleza. Fikra chungu zimechorwa kama ndoana: zinakunasa, zinakuvuta mbali na mtoto wako, na chakula chako, na watu unaowapenda. Hufundishwi kuzifukuza, kwani hazifukuziki. Unafundishwa kuitambua ndoana iliyokunasa, kuipa jina, kisha kuushusha moyo kwa kuhisi miguu ikikanyaga ardhi na kwa kupumua pole pole, na kurudi kwenye ulichokuwa ukikifanya. Mtoto wa mvuvi wa Nungwi haelezwi mara mbili ndoana ni nini.

Kikao, sauti iliyorekodiwa, kitabu mkononi, msimamizi wa kijijini: wakubwa wetu watakumbuka Tanzania ilikwisha kufanya hivyo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma kitabu na kujadiliana, bara nzima, Ziwa Magharibi (ndiyo Kagera ya leo) ikiwemo. Hata kitambaa cha nguo chenye alama za kampeni kilichapishwa. Waliozungumzia malaria na vyoo kwa njia ile wangeweza pia kuzungumzia moyo. Haikuwa zamu yake tu.

Lakini picha nayo ina hila zake. Mwaka 1976 UNICEF ilitoa ripoti kutoka Nepal, ambako wanavijiji walioneshwa michoro ya kila namna na kuulizwa wanaona nini. Wengi hawakuwa na desturi ya kutarajia somo kutoka kwenye picha. Mfululizo wa picha hawakuusoma kutoka kushoto kwenda kulia. Alama ambazo wachoraji waliziona ziko wazi hazikuwaambia kitu. Picha nayo husomwa kwa mazoea, na kila mahali pana mazoea yake.

Chukua kitabu mashuhuri cha sonona, *I Had a Black Dog*, alichochora Matthew Johnstone wa Australia mwaka 2005. Mwaka 2012 kiligeuzwa filamu fupi ya Shirika la Afya Duniani. Sonona humo ni mbwa mkubwa mweusi anayemfuata mtu kila anakokwenda, anamlalia kifuani, anakula chakula chake. Kwa Waingereza inaingia, maana msemo wa mbwa mweusi wanao tangu zamani na Churchill aliutumia. Sasa kilete kitabu hicho Micheweni au Makunduchi. Mama ataona mbwa mweusi ndani ya nyumba ya Muislamu, kitandani, na jambo la mwanzo atakalolifikiri ni jini. Atakifunga kitabu akamwite mwalimu wa kusoma ruqya. Msomewe, hakuna ubaya wowote, dua ni yetu na tutasomewa. Ila kitabu kitakuwa kimesema kitu ambacho mwandishi wake hakukikusudia: kwamba kuna kiumbe cha nje kimekuingia. Na aliyekuwa akihitaji pia kwenda hospitali hatokwenda.

Wapo watakaouliza habari ya kuchora viumbe wenye roho. Hilo nawaachia masheikh. Nitasema tu kuwa kitabu cha tiba chenye michoro si kitu kigeni kwetu; al-Zahrawi wa Qurtuba, karibu na mwaka 1000, alijaza chake michoro ya vifaa vya upasuaji takriban mia mbili ili wanafunzi wasikosee. Na mchoraji anaweza kusema mengi bila ya uso: jiko lililopoa mchana, mlango uliofungwa, kanga ya harusi iliyokunjwa na haijavaliwa tangu arubaini iishe.

Na kabla sijasahau: ikiwa wewe, au mwali wenu aliyejifungua, mnafika kwenye fikra za kutaka kufa au kumdhuru mtoto, hapo hakuna kungoja kitabu wala kikao. Mwambie mtu mmoja leo hii, na mwende hospitali iliyo karibu. Hapa Unguja tunayo Kidongo Chekundu, na nakuomba usiione haya kuitaja.

Basi mchoraji akikaa Kayanga au Murongo kuwachorea wanawake wa Kinyambo kitabu cha sonona, mbwa amwache Australia na ndoana awaachie wavuvi. Yeye aanze shambani. Mgomba usiopogolewa majani makavu, kwa sababu kule shamba la migomba limeizunguka nyumba yenyewe, na mwenye kupita njiani husoma hali ya mwenye nyumba kwa kulitazama. Maharage yaliyokauka shambani na hayajang'olewa, na majirani wote wamekwisha kung'oa yao. Kahawa iliyoanikwa kwenye mkeka na mvua inakuja, na mtu amekaa pembeni anaitazama mvua. Kisha asizipeleke picha hizo kiwandani kuchapwa kabla hajazipitisha kwa wanawake wa hapo, mmoja mmoja, asiwaulize kama wameelewa, maana kwa adabu kila mtu atasema ndiyo. Awaulize wanaona nini. Watakalolisema aliandike kwa Kinyambo, kama walivyolisema.